Maombi ya Kutandika Khanga Ufukweni

Kwa Mheshimiwa Meya,
Mji wa pwani,
Visiwa vya Cyclades, Ugiriki.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUTANDIKA KHANGA KWENYE MCHANGA WA UMMA

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la kisiwa chako nalihifadhi. Mama watoto amelipenda duka la jibini lililo karibu na gati, anataka turudi mwakani, nami sitaki nishuke melini nikukute unanisubiri na barua hii mkononi.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi imenipeleka Ujerumani. Mwaka huu mama yangu mzazi alikuja kututembelea, tukaona tumpeleke baharini pamoja na wajukuu zake. Alicheka sana. Mtu atolewe Raskazone, apandishwe ndege mbili na meli moja, aende kuonyeshwa maji ya chumvi! Hata hivyo alikuwa ameshajipanga. Viza ilimgharimu yuro 90, bei mpya tangu Juni 2024. Bima yake ilitakiwa ifike yuro 30,000. Akapeleka na taarifa ya benki ya pensheni ya ualimu, ili ithibitike kwamba bibi wa miaka sabini mwenye magoti mabovu hana mpango wa kuzamia Ulaya. Kwa hiyo ujue, Mheshimiwa, kwamba aliyekanyaga mchanga wako alikuwa amekaguliwa kuliko mchanga wenyewe.

Sikatai, mengi tuliyaona mazuri. Meli kutoka Piraeus ilichelewa kwa sababu ya meltemi, ule upepo wa kaskazini unaovuma Julai na Agosti, na upepo hauko chini ya halmashauri. Mama, aliyekulia kwenye habari za kusi na kaskazi, aliuheshimu papo hapo na kutukataza kumnung'unikia nahodha. Tangazo la chooni, lile la kuomba karatasi zisitupwe kwenye choo kwa kuwa mabomba ni membamba, nalo halikutusumbua. Sisi ni watu wa kopo. Mabomba yako yakipata wageni kama sisi msimu mzima, yatadumu.

Ada ya tabianchi tuliilipa bila kinyongo. Nilipenda mpangilio wake: tangu 2025, msimu wa kiangazi, hoteli ya nyota moja au mbili ni yuro 2 kwa chumba kwa usiku, ya nyota tano ni yuro 15. Kumbe dunia inapata joto kwa kufuata nyota. Hata saa za kimya, kuanzia saa 9:00 alasiri hadi 11:30 jioni, mama aliziafiki. Ni saa zake za kujinyoosha tangu sijazaliwa. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba alipanda ngazi mara mbili kuwaonya wanangu kuhusu mpira, huku baa ya ufukweni ikipiga ngoma iliyokuwa ikitikisa vikombe mezani. Nadhani baa ni kiziwi, haikusikia tangazo.

Sasa nije kwenye ombi.

Nimesoma sheria zenu, Mheshimiwa, na nakiri kwamba zimeandikwa kwa mkono wa mtu anayependa watu. Ufukwe ni mali ya matumizi ya wote. Sheria ya Machi 2024 imeongeza kwamba angalau nusu ya ufukwe ibaki wazi, bila kitanda wala mwavuli, na kwenye maeneo ya hifadhi asilimia 70. Imeweka pia mita 4 kutoka kwenye maji, ambazo kitanda cha kukodi hakiruhusiwi kuzivuka. Tulifika ufukweni asubuhi tukiwa na imani hiyo, pamoja na birika la chai na maandazi ya mama.

Tulichokikuta ni vitanda. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kwenye miti; vyeupe, vina mito, na kila viwili vina mwavuli wa makuti. Kwa makuti nilitaka kusimama kwa heshima, maana sijui yalikotoka; minazi sikuiona. Safu ya mbele ilikuwa yuro 60 kwa vitanda viwili. Tulikuwa watu watano.

Mama hakubishana. Alitoa doti yake, vipande viwili, akatandika kimoja pale wimbi lilipoishia, kisha cha pili mbele yake kuelekea kwenye kitanda cha kwanza. Wanangu walidhani bibi anatandika pa kukaa. La, alikuwa anapima. Khanga moja ni kama mita moja na nusu. Mita 4 zinataka khanga mbili na zaidi ya nusu ya tatu. Cha pili hakikupata pa kuenea. Pindo lake lilibidi lisukumwe chini ya kitanda cha bwana mmoja mwekundu aliyekuwa amelala kifudifudi, ambaye alifumbua jicho moja, akaona maua ya mkorosho yanapita chini ya kidevu chake, akalifumba tena.

Hapo ndipo akaja kijana wa miavuli na sinia lake. Kwa Kiingereza cha adabu alisema sehemu hiyo ni ya wateja. Binti yangu akatafsiri. Mama akamtazama yule kijana kuanzia miguuni, akauliza, "Huyu mtoto wa nani?" Kwetu kijana akimwinua mtu mzima alipokaa, hilo ndilo swali la kwanza, na binti yangu alikuwa na busara ya kutolitafsiri. Mama akamkabidhi andazi. Kijana akala, akala la pili, kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba wakaguzi wakisikika bandarini vitanda husogezwa nyuma, na wakipanda meli hurudishwa. Yeye ndiye huvivuta. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na lengelenge kubwa la mchanga wa moto, na mkataba wake unaisha Septemba. Sina neno naye, na nakuomba usimtafute.

Nusu ya umma tuliipata, Mheshimiwa, nisikudhulumu. Iko nyuma ya miamba, pale bomba la maji ya mvua linapotokea, penye mawe makali na mwani uliooza, na pasipo hata kivuli cha dawa. Sheria ilisema nusu, haikusema ipi. Anayeweza kuisoma hivyo amezaliwa kuwa kiongozi, nami nakupongeza.

Niliwahi kusikia kwamba kwenye kisiwa jirani cha Paros, mwaka 2023, wenyeji walichoka wakaandamana na mataulo kudai mchanga wao, na harakati hiyo ikaenea visiwa vingine. Najua pia kwamba Athens imetoa programu ya simu, MyCoast, ambayo mwananchi anaweza kuitazama akaona eneo lililokodishwa linaanzia wapi na linaishia wapi, na akaripoti lililozidi. Niliifungua. Inafanya kazi vizuri sana. Ramani ilionyesha kisanduku kidogo cha rangi, na mbele ya macho yangu palikuwa na kiwanja cha mpira cha vitanda. Nilisimama na simu mkononi nikilinganisha, hadi mama watoto akaniuliza kama nimekuja likizo au nimeajiriwa.

Usije ukadhani tunakuja kukufundisha. Sheria ya mazingira ya Tanzania Bara ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mita 60, Mheshimiwa, si 4! Ukija kwetu nitakutembeza uone kuta za hoteli ambazo mawimbi huzipiga zikiwa ndani ya hizo 60, na mlinzi mwenye filimbi atakayekuuliza unakwenda wapi. Tofauti ni kwamba Mgiriki anayekuja Unguja kupigiwa filimbi kama hiyo hulipa bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024, wala haombwi taarifa ya pensheni ya mama yake. Kwa hiyo, kwa upande wa kuvuka mita tulizojiwekea, sisi ni walimu wenu. Nashauri miji yetu ifanye udugu. Wajumbe watakuwa na mengi ya kuelezana, na kikao kifanyike safu ya mbele.

Siku ya mwisho tulishindwa, tukakodi vitanda viwili. Kwenye menyu palikuwa na maandishi, yale yaliyoko kila mkahawa wa Ugiriki, kwamba mteja hana wajibu wa kulipa asipopewa risiti halali. Mama, raia mwaminifu wa nchi ya mashine za EFD, aliyasoma mara mbili akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Akadai risiti. Ilichukua muda, mashine ikatafutwa, ikakosa mtandao, ikapata. Ameiweka kwenye pochi pamoja na pasipoti. Anasema akifika Tanga ataitia fremu, ili watu waone bei ya kulala mchana.

Mlangoni palikuwa na sanduku la fomu za malalamiko, kama sheria inavyotaka. Fomu ilikuwa na mistari sita, ndiyo maana naandika barua.

Ombi langu ni dogo. Nipewe kibali cha kutandika khanga nne, pembeni, asubuhi hadi saa 6:00 mchana, kwenye ile nusu ambayo tayari ni yangu. Kama ada ipo, itajwe. Kama khanga zinahesabiwa kuwa vitanda, nijulishwe niziandikie maombi ya leseni. Na kama haiwezekani, basi wakaguzi watangaze ratiba ya meli zao mapema, nasi tuje siku hizo hizo. Tutakaa kwenye zile mita zinazorudishwa, tutanywa chai yetu, na wakishapanda meli tutaondoka kwa amani.

Naomba majibu kabla ya Agosti 15. Najua siku hiyo ni sikukuu ya Bikira Maria, Ugiriki nzima iko visiwani, ofisi zimefungwa na watumishi wako nao wanazunguka na mataulo wakitafuta pa kulala. Wakikosa, waelekeze nyuma ya miamba, mkono wa kushoto wa bomba. Mkono wa kulia mawe ni makali zaidi.

Wako katika ujenzi wa ufukwe,

Mwana wa Tanga

Nakala: Kijana wa miavuli, kwa taarifa tu, asikatwe mshahara.