Umepata Ngapi? Saba wa Kuwakwepa Nje ya Mtihani wa Hesabu

Bugarama, hapa Burundi, ina milima ya Mumirwa juu na Ziwa Tanganyika chini, kwa hiyo anayetoka kwenye karatasi ya hesabu ana njia mbili za kukimbilia: kupanda au kuogelea. Wengi hawakimbii. Wanajikusanya kivulini, na iwe ni konkuru ya mwaka wa tisa au Examen d'État yenyewe, swali ni lile lile: "Umepata ngapi?" Karatasi ilikuja kwa Kifaransa, ubishi unafanyika kwa Kirundi, kejeli zinatoka kwa Kiswahili. Tuwahesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia anayeudhi kidogo.

7. Aliyekosa ukurasa
"Swali la nne? Kulikuwa na la nne?" Lilikuwa nyuma ya karatasi, ndugu yangu. Pole sana. Tuendelee.

6. Nahodha wa mtumbwi wa ajabu
Tuseme mtumbwi wa injini umetoka Rumonge kwenda Bujumbura, kilomita 72, ukatumia saa 6. Tafuta mwendo wake. Nahodha wetu kazidisha palipotakiwa kugawanya, kapata kilomita 432 kwa saa, kapiga mistari miwili chini ya jibu na kulala usingizi wa haki.

Ziwa lote, toka huku kaskazini kwetu hadi Mpulungu kule Zambia, lina urefu wa kilomita 673. Mtumbwi wa bwana huyu unalimaliza kwa saa 1 na dakika 33. Liemba, meli waliyoijenga Wajerumani mwaka 1913, ilizoea kuchukua kama siku mbili kutoka Kigoma tu hadi huko, na ile ni meli. "Kikokotoo ndicho kilichosema," anajitetea. Kikokotoo hakijawahi kupanda mtumbwi. Wewe umekulia ufukweni, baba yako ana nyavu, jibu kama hili halikukushtua hata kidogo?

5. Waziri wa koma
Huyu alisoma miaka kadhaa Kigoma kwa shangazi yake. Kule desimali ni nukta, na koma inatenga maelfu. Huku kwetu tulikorithi Kifaransa, koma ndiyo desimali. Basi swali likisema mawese lita 1,250, mwalimu wa hapa anaona lita moja na robo, yaani dumu dogo la kubeba mkononi. Yeye anaona lori. Kazi yote kaifanya sawasawa, hatua kwa hatua, ila mwishoni kamuuzia mama mmoja mafuta ya kukaangia tarafa nzima. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007; koma bado haijapewa paspoti.

4. Mpima kwa macho
"Ile pembe ilikuwa kama sitini hivi." Umejuaje? "Nimeiangalia." Ndivyo alivyopimwa Gustave, yule mamba mashuhuri wa Rusizi na fukwe hizi: mita sita na ushee, wanasema, na hakuna aliyewahi kumlaza kando ya rula. Lakini mamba ana sababu zake za kutopimwa. Pembetatu haiumi.

3. Mwenyekiti wa kura
Hapa tukae kidogo, maana huyu ndiye mwenye wafuasi. Swali lilikuwa x² − 5x + 6 = 0. Mwenyekiti anapanda juu ya jiwe: "Waliopata −2 na −3, mikono juu!" Mikono minane. "Waliopata 2 na 3?" Miwili, tena inainuka kwa aibu. Kikao kimefungwa, walio wachache waombe radhi.

Subiri kwanza. Chukua −2, irudishe mahali pa x: 4 + 10 + 6, unapata 20. Tulitaka sifuri. Chukua 2: 4 − 10 + 6, sifuri hiyo hapo. Chukua 3: 9 − 15 + 6, sifuri tena. Kazi ya nusu dakika, ingefanyika ndani ya chumba cha mtihani bila kumuuliza mtu, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyeifanya. Na ukichunguza vizuri utakuta wanane hao walikaa safu moja. Hiyo ni kura moja iliyopigwa mara nane, shingo zikiwa zimepinda kushoto.

Kuna pia wa kumi na moja, aliyeketi pembeni kwa utulivu. Yeye mraba wa 5 kauita 10, akatoa 24, delta ikawa −14, akaandika kwamba mlinganyo hauna suluhisho, akaweka kalamu chini. Hakupiga kura upande wowote. Simtetei, ila namwonea wivu ule utulivu wake.

2. Mlizi
"Jamani mimi nimefeli, nimefeli kabisa." Usimpe kitambaa. Huyu analilia pointi mbili za mwisho mbele ya watu wanaotafuta mbili za kwanza. Matokeo yakitoka atakuwa juu kabisa ya orodha, na atasema, "Hata sijui ilikuwaje." Sisi tunajua. Ulisoma.

1. Mwalimu anayepita
Kivuli kizima kinapiga kelele, pikipiki inapunguza mwendo, na Mwalimu anauliza kwa upole kabisa: "Mlikumbuka kugeuza dakika kuwa saa, siyo?" Kimya. Mtu mmoja anakaa chini taratibu.

Halafu, kana kwamba hakutosheka, anawaambia kuwa wamepoteza mchana mzima kulinganisha kitu kisichofaa. Msahihishaji mzuri hasomi jibu pekee, anasoma mistari iliyolifikia. Kule Kenya mwongozo wa kusahihisha KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, hulionyesha hilo waziwazi: M1 ni ya njia, A1 ni ya jibu sahihi. Aliyeweka namba zote mahali pake kisha akateleza kwenye kujumlisha hubaki na M yake. Aliyeandika jibu tupu, tena la jirani, akikosea hana hata pa kusimama kuomba.

"Kwa hiyo Mwalimu, sisi wenye −2?"
"Mlionyesha kazi?"
"Kazi ilikuwa kwa Mwenyekiti."

Na papo hapo mashindano mapya yanaanza. Wewe njia yako mistari mingapi? Saba. Mimi kurasa mbili. Mimi tatu, na nimepigia mstari kila hatua kwa wino mwekundu! Mwalimu anageuka: wino mwekundu ni wa msahihishaji. "Ndiyo, Mwalimu," anajibu kijana. "Nimempunguzia kazi. Hata alama nimeshaweka."