Msitu na Sikukuu Yake

Serikali ya Kenya haina ugomvi na msitu. Huupenda kwa zamu. Februari 2018 ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais Ruto akaiondoa marufuku hiyo, kwani miti iliyokomaa, tukaambiwa, inaozea msituni huku mbao zikiadimika. (Kuoza msituni! Tabia mbaya kweli.) Mahakama ikaisimamisha hatua hiyo kwa muda. Novemba 13 mwaka huohuo tukapewa sikukuu ya kupanda miti, shabaha ikiwa bilioni 15 ifikapo 2032. Waheshimiwa wakaja na buti mpya za mpira, wakashika jembe kama kipaza sauti, wakapigwa picha, wakaondoka. Mbuzi hawakualikwa, walifika kesho yake.