Kioo Hakina Meno

Laptopu yako ikikwaruzwa kioo hapa Kabonga, usihangaike kutafuta fundi. Mafundi watakutafuta wenyewe. Wa kwanza atakuambia upake dawa ya meno. Wa pili, aliyekulia chini ya michikichi ya Rumonge, ataapa kwa mawese. Wa tatu hana dawa, ila ana kucha: atapitisha ukucha juu ya mkwaruzo "kupima kina", kisha akuachie miwili.

Haya, tuelewane. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia. Na kile tunachokiita kioo, kwenye laptopu nyingi juu yake pana utando wa plastiki, tena laini. Ukiusugua, mkwaruzo mmoja unageuka ukungu kama wa alfajiri ziwani Tanganyika. Mawese nayo hufukia ule mfereji, ukadhani umepona, hadi vumbi lije kupiga kambi.

Mkwaruzo uliochimba utando haufutiki. Utabadilisha kioo kizima. Mkwaruzo ukiwa mdogo, zima mashine, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha uuzoee. Na wewe mshauri mwema, dawa yako ipeleke inakohitajika: kinywani.