Nyatiti na Feni

Mjomba wangu hupiga nyatiti, ala ya nyuzi, na ameamua arekodiwe nyumbani kwake Manyatta, Kisumu, kabla vidole havijagoma. Katika ukoo mzima, mwenye kukaa ofisini na kompyuta ni mimi, basi kazi ya kutafuta mashine ikaniangukia.

Tulianza na laptopu ya binamu. Mjomba akavaa hedifoni, akacharaza kidogo, akanyamaza ghafla na kugeuka nyuma.

"Nani huyo ananifuata?"

Hapakuwa na mtu; ilikuwa sauti ya nyatiti yake mwenyewe, ikimfikia kwa kuchelewa. Kompyuta huikata sauti vipande 44,100 kwa sekunde, kile kiwango cha CD, na kuvibeba fungu kwa fungu. Fungu la vipande 256 halimalizi hata milisekunde 6, na sikio halishtuki. Mashine dhaifu haiwezi mwendo huo. Huanza kukwaruza, mpaka uipe fungu la 2,048, na hapo sauti huchelewa milisekunde 46 ikiingia tu, kabla hata haijatoka. Mzee anayecharaza nyuzi nane huku akigonga ubao kwa pete ya kidole cha mguu hawezi kuvumilia upuuzi huo.

Tukashuka Oginga Odinga Street. Duka la kwanza lilikuwa na spika mlangoni inayopiga ohangla hadi vioo vikatetemeka.

"Chukua hii, bosi. Eksi-UK, safi kabisa. Kibodi inawaka taa."

"RAM ni ngapi?"

"Ya kutosha."

"Diski ni ile ya kuzunguka au SSD?"

"Zote zinafanya kazi."

Mjomba akaomba spika ya mlangoni izimwe, akavua kofia, akalaza sikio juu ya kibodi. Kijana akanitazama kwa huruma.

"Jaduong', spika zake ziko huku chini."

"Sijaja kusikia inavyosema," mjomba akajibu. "Nataka kusikia inavyonyamaza."

Nami nasema mzee ana akili kuliko matangazo yote ya kompyuta. Maikrofoni haichagui: feni ikivuma, imerekodiwa. Na kwa joto la Kisumu, zile laptopu za kuchezea gemu, zenye taa nyekundu na prosesa kali, huvuma tangu saa nne asubuhi.

Tulipata yetu duka la tatu: nyeusi, mbaya ya sura, RAM ya GB 16, SSD, betri nzima. Ndani yake hakuna cha kusikika. Jioni hiyo mjomba akachagua "Kothbiro", wimbo wa mvua wa Ayub Ogada, na mvua ikaitikia juu ya mabati. Ogada mwenyewe alirekodia Uingereza, kwenye studio za Real World, ambako nadhani paa si la mabati. Mvua ilipokatika, stima nazo zikapotea, lakini betri ikashika, tukaendelea gizani. Saa kumi na mbili asubuhi zamu ikawa ya ndege kwarara, ambao hakuna programu inayojua kuwafuta.

Ukienda kununua, fungua programu nzitonzito, iache mashine ipate joto robo saa, kisha inama usikilize. Muuzaji akikataa kuzima muziki wake, nenda duka la pili.