Mnyonge Mnyongeni: Sifa za Thamostati Isiyo na Waya

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika nyumba za Uingereza, hasa baridi ya Januari inapong'ata, hakuna mnyonge anayesemwa vibaya kuliko thamostati isiyo na waya: kijisanduku cheupe cha plastiki, kiasi cha kiganja, chenye kioo cha tarakimu na kialama cha moto. Kazi yake ni moja, kuiamuru boila ya gesi iwake au izime. Boila ikiwaka dakika mbili, ikazima, ikawaka tena, hivyohivyo hadi alfajiri, yeye ndiye anayetukanwa. Nami leo nasimama kummwagia sifa.

Tuanze na nasaba, maana mheshimiwa hutajwa kwa ukoo wake. Babu yake ni tanuri la Cornelis Drebbel, Mholanzi wa karne ya 17, aliyelifanya lijirekebishe joto lenyewe kwa zebaki. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya thamostati ya umeme. Ile ilimpigia kengele mtumishi, naye ndiye aliyekwenda kurekebisha joto. Mjukuu wao hahitaji kengele, mtumishi wala waya. Betri mbili ndogo, zile za rimoti, zamtosha. Amri zake hupita hewani, mara nyingi kwenye masafa ya megahezi 868, hadi kwenye kipokezi kilichofungwa karibu na boila.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Mheshimiwa hashuhudii asichokiona. Mweke kando ya televisheni, ataripoti joto la televisheni. Mweke dirishani, ataripoti jua. Mtundike koridoni karibu na mlango wa mbele, na kila mgeni akipiga hodi na kufunguliwa, ataitisha moto wa nyumba nzima. Kwa kuwa hana waya wa kumfunga, wengi humtembeza: asubuhi yuko jikoni pembeni mwa birika, jioni yuko juu ya mkono wa kochi. Halafu watu haohao hushangaa boila haitulii.

Sifa ya pili ni bidii. Aina nyingi za kisasa, chumba kikikaribia nyuzi zilizowekwa, hazisubiri kipoe. Huigawa saa kwa awamu, na kwa boila ya gesi kawaida ni sita: kila dakika kumi, nyumba ikihitaji nusu ya joto, moto huwaka dakika tano na kupumzika tano. Hiyo si hitilafu, ndivyo alivyofundwa. Anayeona ni nyingi mno anaweza, kwa aina nyingi, kuzipunguza hadi tatu. Lakini kuwaka na kuzima kila dakika ni hasara tupu. Kabla ya cheche kutoka, feni huvuma na kusukuma nje joto lililokwisha kulipiwa. Ndipo moto ushike, na kabla haujakolea uzimwe. Ni dereva wa daladala anayekanyaga mafuta na breki kwenye foleni isiyosogea.

Sifa ya tatu ni kwamba hujitolea ushahidi mwenyewe. Nenda kasimame mbele ya boila, utazame taa ndogo ya kipokezi. Ikiwaka na kuzima pamoja na moto, amri ni zake. Shughulikia mahali alipo na mipangilio yake. Taa ikibaki imewaka huku moto ukizimika, yeye hana hatia. Bado anaomba joto. Boila ndiyo iliyokata, kwa sababu maji yake yamepata moto upesi kuliko rejeta za ukutani zinavyoweza kuyapoza. Huenda boila ina nguvu kuliko mahitaji ya nyumba, au rejeta nyingi zimefungwa, au maji hayazunguki vizuri. Kagua pia chumba alimo Mheshimiwa. Kama rejeta yake ina vali ya kujifunga kwenye nyuzi 18, naye ameagizwa 21, ataomba hadi kiama asipewe. Vali hiyo ifunguliwe yote.

Unyenyekevu pia anao. Betri zikichoka, au friji na ukuta mnene vikimziba, hapayuki, hunyamaza tu. Baadhi ya vipokezi, vikimkosa hewani, huanza kuiwasha boila kwa vipindi vya kukisia ili nyumba isigande, na mwenye nyumba humlaani kwa amri ambazo hakuzitoa.

Basi apewe heshima yake. Akae kwenye ukuta wa ndani wa chumba kinachotumika, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na jua, upepo na rejeta. Atiwe betri mpya kabla ya majira ya baridi. Na tumbo la boila lisifunguliwe na mtu yeyote ila fundi aliyesajiliwa kwenye orodha ya mafundi wa gesi ya Gas Safe, ambaye kwa boila nyingi anaweza kuushusha moto ulingane na nyumba.

Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa Mheshimiwa huyu hofu hiyo ondoa. Sifa hazimpandi kichwani. Ila ukimsifu, simama mbali kidogo. Ukimsogelea na kumpulizia pumzi zako, ataamini chumba kimepata joto, na boila ataizima.