Vitu 9 vya Kuwasha Kabla Hujalipia Nyumba

Mtu akinunua nyumba Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hati ataihakiki, mipaka ataipima, na vigae atavigonga kimoja kimoja kwa ufunguo. Akifika kwenye kiyoyozi anauliza swali moja tu: "Kinafanya kazi?" Dalali anamjibu, "Kipo poa kabisa, bosi." Ukaguzi umekwisha.

Hapana. Nyumba ya mamilioni haiwezi kufanyiwa mtihani wa maneno manne. Nimevipanga vitu tisa, kuanzia kinachokera hadi kinachoua. Utabisha mpangilio, najua, na mimi niko tayari.

9. Rimoti

"Ameondoka nayo mtoto" si jibu. Viyoyozi vingi vya ukutani vina kitufe kidogo chini ya mfuniko wa mbele, kinawasha mashine bila rimoti. Muuzaji asiyekijua muoneshe. Anayekijua na bado anasitasita, anza kumtilia shaka.
Hukumu: betri nunua mwenyewe, tusikomoane.

8. Pangaboi

Liwashe kwa kasi ya mwisho, kisha simama pembeni. Si chini yake, tafadhali, tunakuhitaji hadi namba moja. Likiyumba kama ngalawa ya msimu wa Kusi, fundi apande aone limeshikwa na nini: zege, boriti, au ubao wa jipsamu na dua za mwenye nyumba.

Watu wanalidharau, lakini pangaboi hutumia takriban wati 70, wakati kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 huvuta kama wati 1,000 kikiwa kazini. Anayenunua umeme wa LUKU anaelewa ninachosema.
Hukumu: mashine inayostahili heshima kuliko zote humu. Nani anabisha?

7. Saa ya kwenda kuangalia nyumba

Nenda Februari, saa nane mchana. Kaskazi haimpendelei muuzaji. Julai, kipupwe kikivuma, hata banda la kuku lina hewa safi.

Ukikuta vyumba vyote vimeshapozwa kabla hujafika, shukuru kwa ukarimu, kisha omba viyoyozi vizimwe, madirisha yafunguliwe, na ukae sebuleni nusu saa. Hapo utaijua nyumba yenyewe. Baadaye waviwashe mbele yako, vyote kwa pamoja, uone kama umeme wa nyumba unavibeba au sakiti breka inaruka.
Hukumu: anayenunua nyumba jioni amenunua upepo wa jioni.

6. Dari na madirisha

Hapa ndipo nitakapogombana na mafundi wa viyoyozi, maana wao huanza na mashine, mimi naanza na nyumba. Bati lisilo na kizuia joto juu ya dari hupika chumba mchana kutwa, na kiyoyozi kinabaki kupigana na bati. Chumba cha upande wa magharibi hupata jua la alasiri lote. Na yale madirisha ya alumini ya kuteleza tunayoyapenda? Yenye vioo viwili hufunguka nusu tu. Umelipia dirisha zima, upepo unapita nusu.

Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, ukaone waliojenga kabla ya umeme: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, ua katikati ya nyumba. Kisha anakuja mmiliki mpya, anashusha dari ya jipsamu, anaziba matundu ya hewa, halafu ananunua viyoyozi vitatu.
Hukumu: nyumba inayopumua yenyewe iongezewe bei, na mimi ningeilipa.

5. Maji ya kiyoyozi

Katika joto la pwani, kiyoyozi kilichowashwa nusu saa kinapaswa kuanza kudondosha maji nje. Yasipotoka nje, huenda yanakwenda mahali pengine, na mahali pengine ni ukutani. Kagua chini ya mashine. Hakuna doa? Angalia rangi. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, tena chini ya kiyoyozi, ni ushahidi tosha.
Hukumu: bomba lenye mwinamo mzuri halina gharama kubwa. Ukuta uliooza unayo.

4. Mashine ya nje

Nyali, Bamburi, Masaki, Kigamboni: mandhari ya bahari yamo kwenye bei, na chumvi ya bahari imo ndani ya mashine. Tazama mapezi yale membamba ya alumini mgongoni. Yakimomonyoka ukiyagusa kwa kidole, huhitaji maelezo ya dalali.

Kagua pia ilipofungwa. Kuna mashine zilizoning'inizwa ghorofa ya tano mahali ambapo fundi hafiki bila kamba na ujasiri. Kuna nyingine mbili zimewekwa kwenye kibaraza kimoja zikipulizana joto usoni. Na ukinunua sehemu ya ghorofa, ukuta wa nje kwa kawaida si wako peke yako. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, Kenya ina yake ya 2020, na jumuiya ya wenye ghorofa huwa na kanuni zake. Zisome kabla hujatoboa.
Hukumu: kadiri bahari inavyoonekana vizuri, ndivyo ukaguzi uwe mkali.

3. Dohani

Njombe, Lushoto, Limuru, hii ni zamu yenu. Washa karatasi ndani ya meko ya sebuleni. Moshi ukipanda, vizuri. Ukirudi kuwasalimu, dohani imeziba, au ilikuwa pambo tangu mwanzo. Wala usikubali kuambiwa "sisi huwa tunaingiza jiko la mkaa tu". Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.
Hukumu: najua mlitaka iwe ya kwanza. Hoja yenu ina uzito, nakiri.

2. Gesi

Muulize muuzaji kwa upole: "Huwa mnajaza gesi mara ngapi?" Akijibu kwa fahari, "Kila mwaka, hatukosi," amekwambia mwenyewe kwamba mashine inavuja. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi, huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna tundu. Kujaza bila kuziba ni kulipia tundu lile lile kila Januari.

Sasa soma kibandiko cha mashine ya nje. Kikisema R22, toa kikokotoo. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zinaipunguza hatua kwa hatua hadi ifike 2030, ambapo itabaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Unanunua mashine ambayo gesi yake inaondoka sokoni. Omba punguzo bila aibu. R410A haigusi ozoni lakini huongeza joto la dunia, ndiyo maana iko kwenye kundi la gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza mjini Kigali, Oktoba 2016. R32 imo kundi hilo hilo, ila madhara yake kwa joto la dunia ni takriban theluthi ya R410A. Tahadhari yake moja: inaweza kuwaka moto, kwa hiyo fundi wako azime sigara.

Kipimo cha mwisho ni cha kipimajoto. Baada ya dakika 15 hivi, hewa inayotoka kwa kawaida iwe na baridi kuliko ile inayoingia juu ya mashine kwa nyuzi 8 hadi 12. Ikiwa tofauti ni nyuzi 3, unapulizwa tu.
Hukumu: R32 bingwa, R410A inavumilika, R22 ni punguzo linalotembea.

1. Hita ya bafuni

Ndiyo, hita! Kiyoyozi kibovu kinakula pesa, hita mbovu inakula mtu. Ile ya kichwani mwa bomba la kuogea hufika wati 5,500, yaani ampea 24 hivi, wakati soketi zetu ni za ampea 13. Haitakiwi kuchomekwa kwenye soketi wala kuazima waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5. Inataka waya wake mnene, breka yake, na waya wa ethi uliofungwa kweli. Wewe uko chini yake, umelowa, miguu peku.

Fundi apime ethi. Kisha nenda kwenye boksi la breka, tafuta kifaa chenye kitufe cha herufi T, kile cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Kibonyeze. Umeme usipokatika, kifaa hicho hakimlindi mtu. Kama ni hita ya tangi, kagua vali ya kupunguza presha. Ikiwa mtu ameiziba kwa sababu "ilikuwa inadondosha", usilale karibu na ukuta huo.
Hukumu: kazi ya kishoka, fundi asiye na leseni, haipigwi bei. Inang'olewa.

Kwenu wauzaji: fanyeni sevisi kabla ya kutangaza bei, mtunze risiti, na muandike kwenye mkataba ni mashine zipi zinabaki. Mnunuzi hastahili kukabidhiwa nyumba yenye matundu ukutani.

Kwako mnunuzi: fundi awe wako, asiwe wa dalali, na alipwe kabla ya arubuni. Na kama bado unasema gesi ndiyo namba moja, kabonyeze kwanza kile kitufe cha T nyumbani kwako, kisha uje tubishane.