Usiulize Itaisha Lini: Mwongozo kwa Mgeni Katikati ya Wapenzi wa Manga

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Manga inayozungumzwa hapa siyo ile ya pilipili manga, wala siyo kule Manga kulikotoka majahazi na tende zake. Ni manga ya Kijapani: hadithi za kuchorwa, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama msahafu, zinazotoka jaridani sura moja moja na baadaye kukusanywa kuwa juzuu. Nakuanzia mbali hivi kwa sababu naijua hali yako. Umekaribishwa nyumbani kwa watu, umekaa kwenye kochi, vijana watatu wanabishana kwa sauti ambayo siku zote tumewaachia Simba na Yanga, na wewe, kwa nia njema tu ya kuchangia mazungumzo, uko karibu kuuliza: "Kwani hiyo hadithi bado haijaisha?"

Meza hilo swali.

Mimi sikulimeza. Ilikuwa Jumapili, kwa dada yangu, saa 12 jioni kasoro dakika chache. Sikujua kwamba saa hiyo ina heshima zake: Tokyo ndiyo inaingia Jumatatu, na sura mpya zinafunguliwa rasmi kwenye simu za dunia nzima. Mpwa wangu na wenzake wawili walikuwa wameinamia skrini moja yenye ufa, vikombe vyao vya chai vimeota ngozi ya maziwa juu. Nikauliza. Mpwa wangu akasema hadithi ile ilipaswa kuisha miaka kumi iliyopita. Wa pili akasema siku itakayoisha hajui Jumatatu ataamkia nini. Wa tatu, kijana mpole, akauliza tu, "Anko, unaisemea ipi?" Nilitoka pale baada ya isha. Na kwa taarifa yako, aliyesema ingeisha miaka kumi iliyopita ndiye aliyekuwa ameshika simu, na alikataa kumpa mtu mpaka amalize ukurasa wa mwisho.

Jambo la pili la kujua ni kwamba kila mbishi ana "pale" yake. "Ingeishia pale." Hutaielewa hata sentensi moja ya ubishi huu kama hujaijua pale ya anayesema. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilitoka kuanzia 1984 mpaka 1995, juzuu 42, na wako watu wazima wenye familia wanaoapa kwamba ingeishia pale alipopigwa Freeza, yote yaliyofuata ni maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi. Naruto ya Masashi Kishimoto ilianza 1999 ikafunga 2014 kwa sura ya 700, na pale yake ni vita dhidi ya adui aitwaye Pain. Bleach ya Tite Kubo ina pale yake anaposhindwa adui wake, Aizen. Utadhani basi dawa ni ufupi. Sivyo. Death Note ilidumu tangu 2003 hadi 2006, juzuu 12 tu, na bado ukisimama katikati ya mashabiki wake utasikia kwamba ingeishia kwenye juzuu ya saba, anapokufa yule mtu mmoja ambaye simtaji. Simtaji kwa sababu nilishawahi kumtaja, ndani ya daladala, mbele ya kijana aliyekuwa na juzuu ya sita mapajani. Alishuka kituo ambacho hakikuwa chake.

Nimefanya uchunguzi wangu mdogo, usio na utaalamu wowote, nikagundua kwamba pale ya mtu, ukipiga hesabu, huangukia karibu na mwaka aliomaliza kidato cha nne. Usimwambie. Atakuambia ni suala la ubora wa utunzi.

Sasa twende jikoni, maana wabishi wengi wanalalamikia chakula bila kujua kinapikwaje. Jarida lililozaa karibu hadithi zote nilizotaja ni Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, lililoanzishwa 1968. Toleo moja hubeba hadithi kama ishirini hivi, na kwa miongo mingi ndani yake kumekuwa na kadi ya posta. Msomaji, aghalabu mtoto wa shule, anaandika hadithi tatu zilizomfurahisha wiki ile na kuituma. Wahariri wanahesabu. Hadithi inayokaa mkiani wiki baada ya wiki hukatwa, na nyingi huondoka hata nusu mwaka hazijafika. Mchoraji huambiwa ana wiki chache za kufunga: adui aliyepangiwa miaka mitano inabidi afe Jumatatu ijayo, au asife kabisa.

Masami Kurumada, ambaye baadaye alitajirika kwa Saint Seiya, yalimkuta hayo. Mwaka 1984 alianza Otoko Zaka, hadithi aliyoiota tangu ujana, na kadi zikaikataa. Ukurasa wa mwisho unamwonyesha shujaa akipanda mlima, na juu ya picha yamesimama maandishi makubwa ya Kijapani yenye maana ya "haijakamilika". Ndiyo basi. Hakuna pambano wala kwaheri. Kurumada alirudi kuiendeleza mwaka 2014. Shujaa alikuwa amesimama mlimani karibu miaka thelathini, mguu mmoja hewani.

Hao ni wa mkiani. Wa kileleni wana msiba wao. Mwishoni mwa 1994 Jump lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja, kiwango ambacho halijakirudia. Mwaka 1995 Dragon Ball ikaisha, 1996 ikaisha Slam Dunk, na ilipofika 1997 jarida hasimu, Weekly Shonen Magazine, lilikuwa limeshalipita kwa mauzo. Mhariri aliyeyaona hayo kwa macho yake, ukienda kumwambia kwamba hadithi yako inayoongoza umechoka nayo unataka kuimaliza, unadhani atakujibu nini? Kadi ileile inayomuua mmoja mapema ndiyo inayomnyima mwenzake kufa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anamlaani mtunzi kwa kuvuta hadithi kama mpira wa manati, muulize kwa upole mpira huo umeshikwa na nani upande wa pili.

Mpwa wangu nilimuuliza. Akasema yeye hajawahi kutuma kadi Japani. Kweli, ila ndiye aliyenionyesha fulana tatu za hadithi hiyohiyo alizozinunua mwenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho hakitajwi mpaka ubishi ukipoa, nacho ni mgongo wa mchoraji. Kurasa kama kumi na tisa kila wiki, hata ukiwa na wasaidizi wa kukuchorea majengo na kujaza weusi, ni kazi ya kukaa. Kishimoto alisimulia kwamba ilibidi Naruto iishe ndipo ampeleke mkewe fungate, zaidi ya miaka kumi baada ya ndoa. Eiichiro Oda alisimamisha One Piece kwa wiki nne mwaka 2023 ili akafanyiwe upasuaji wa macho. Ukiwakuta watu wamekaa kona yao hawabishani na yeyote, hao ni wasomaji wa Hunter x Hunter. Waheshimu kama unavyowaheshimu wafiwa. Yoshihiro Togashi aliianza mwaka 1998, na mapumziko yake yamekuwa marefu kuliko hadithi za wengine. Aliposimama mwishoni mwa 2018 alirudi Oktoba 2022, karibu miaka minne. Alieleza kwamba mgongo ulimfikisha mahali hawezi kukaa kwenye kiti akachora. Mwezi Mei wa 2022 alifungua ukurasa wa Twitter, akawa anaweka picha ya pembe tu ya karatasi, yenye namba ya ukurasa na mistari michache ya penseli. Mamilioni ya watu waliifuata pembe hiyo. Sijapata kuona umma ukishangilia namba ya ukurasa.

Mwaka 2023 Togashi akafanya jambo ambalo sisi tungeliita wosia. Alipeleka ujumbe kwenye kipindi cha televisheni, akaeleza mwisho mmojawapo aliokuwa ameufikiria, ili akifa kabla ya kumaliza, wasomaji wabaki na kitu mkononi. Usicheke. Kentaro Miura, aliyeanza Berserk mwaka 1989, alifariki Mei 2021 hadithi ikiwa njiani. Rafiki yake wa tangu shule, Kouji Mori, ndiye mtu ambaye Miura aliwahi kumsimulia mpaka mwisho, miaka mingi nyuma, na mwaka 2022 Mori akakubali kuisimamia pamoja na wanafunzi wa marehemu, kwa ahadi kwamba hataongeza cha kwake. Hiyo ni amana, na nimeona watu wakirudisha amana ndogo kuliko hiyo kwa taabu. Takao Saito wa Golgo 13, iliyoanza 1968, alifariki mwaka huohuo wa 2021 akiwa ameshatamka kwamba iendelee bila yeye. Inaendelea. Hakuna anayeniambia iishe wala isiishe. Ni kama bomba la maji, linatoka tu.

Wa tatu, yule mpole, ndiye aliyenisimulia ya Miura. Wenzake walinyamaza alipokuwa anaongea, na hiyo ndiyo ilikuwa dakika pekee ya utulivu jioni nzima.

Huenda sasa unawaza: basi zile zilizoisha zimewaridhisha watu. Kaa chini. Demon Slayer ya Koyoharu Gotouge ilifungwa Mei 2020, miaka minne tu tangu ianze, wakati inaongoza kila mahali, na lawama ikawa kwamba imekimbizwa. Attack on Titan ya Hajime Isayama ilijulikana tangu mwanzo kuwa ina mwisho uliopangwa. Ikaendelea tangu 2009 mpaka Aprili 2021, ukaja mwisho, na watu wakaukasirikia kiasi kwamba mtunzi alipopanda jukwaani New York mwaka 2022 na kuulizwa, alitokwa na machozi. Aliongeza hata kurasa katika juzuu ya 34, ya mwisho. Hazikusaidia. Kwa upande mwingine, Kochikame, vichekesho vya polisi mmoja mvivu wa Tokyo, ilitoka miaka 40 bila kukosa wiki, ikafunga Septemba 2016 kwa juzuu ya 200, na mchoraji wake, Osamu Akimoto, akaagwa kwa makofi. Sababu ni rahisi: hakuna aliyekuwa anasubiri lolote kutoka kwa polisi yule.

Ukibanwa ukutani, ukaambiwa utoe msimamo wako, jibu ni Slam Dunk. Hiyo ndiyo hukumu yangu na siibadilishi. Takehiko Inoue alichora mpira wa kikapu wa wanafunzi tangu 1990 mpaka 1996, na kabla mashindano ya taifa hayajaisha, baada ya mchezo mmoja mkubwa, akaweka kalamu chini. Wasomaji walidhani wameonewa. Desemba 2004 aliingia katika shule iliyofungwa mkoani Kanagawa, akachora kwa chaki kwenye mbao za madarasani yaliyotokea siku kumi baadaye. Watu walikuja, wakapita darasa kwa darasa, na siku tatu zilipokwisha michoro ikafutwa. Taja chaki hiyo na utaachwa unywe chai yako kwa amani, angalau kwa dakika tano.

Zaidi ya hapo, jihadhari na neno "mwisho". Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba One Piece imeingia sehemu yake ya mwisho. Oda alipoianza Julai 1997 alifikiri ingemchukua miaka mitano. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alifika usiku wa 1,001 na mfalme akatosheka. One Piece iliipita sura ya 1,001 mwaka 2021 na mfalme bado amekaa kitako, anauliza ikawaje. Ukiambiwa inakaribia kuisha, itikia "inshallah" na ubadilishe mazungumzo.

Na kama baada ya onyo lote hili umenogewa, hesabu ni hii. Sura zimeshapita 1,100. Ukisoma kumi kila usiku, bila kukosa, ni miezi mitatu na wiki kadhaa, na ukifika utakuta zimeongezeka kumi na mbili hivi. Ukishazimaliza hizo nazo, njoo kwa dada yangu Jumapili, saa 12 kasoro. Simu waachie wao, chai utaikuta.